Kansa ya Kinywa na Swali la Nani Aliyekosa

Baadhi ya kansa za kinywa zinazowapata watoto na vijana wa Afrika Mashariki chanzo chake ni virusi, na jambo hilo lina uzito wa kidini kuliko tunavyokiri. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda, nchi inayopakana na wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera. Miaka sita baadaye wanasayansi Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kansa ya Kaposi, inayoweza kutoa madoa ya zambarau kwenye kaakaa la mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake, nayo kirusi chake kilipatikana mwaka 1994. Kisha kuna HPV, jamii ya virusi ambayo Ulaya na Marekani imekuwa chanzo kikubwa cha kansa ya koo na shina la ulimi, ingawa huku kwetu imeonekana kwa kiwango kidogo zaidi katika kansa hizo. Swali langu ni hili: tukishajua kwamba ugonjwa umetoka kwa mtu mwingine, je, tumempata mwenye kosa?

Tuangalie kwanza jinsi virusi hivyo vinavyosafiri. Kile cha Epstein-Barr hupita kwenye mate, na watoto wengi wa Afrika hukipata kabla hawajatimiza miaka mitatu. Kile cha Kaposi nacho husambaa zaidi kwa mate, mara nyingi ndani ya nyumba. Maana yake ni kwamba mama anayeonja uji kabla ya kumlisha mwanawe, au dada anayemtafunia mdogo wake kipande cha ndizi, anaweza kuwa njia ya maambukizi. Anayefuatilia mnyororo huu akitafuta dhambi atafika jikoni, akute watu wanaopendana wakilishana. HPV huenezwa kwa kujamiiana, lakini hata hapo hukumu haisimami: mke ambaye hajamjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe anaweza kuipata, na wengi wanaoambukizwa huondokewa nayo ndani ya mwaka mmoja au miwili bila kujua kwamba waliwahi kuwa nayo. Kirusi hakina habari na ndoa wala uzinzi, hupita panapopitika.

Ugumu wenyewe uko mahali pengine. Ikiwa karibu kila mtoto ana kirusi cha Epstein-Barr, kwa nini taya livimbe la huyu na si la mwenzake waliyelala naye mkeka mmoja? Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alionyesha kwamba watu wale walijua vizuri kuwa mchwa ndio waliokula nguzo za ghala. Uchawi waliutumia kueleza kwa nini ghala lilianguka saa ileile mtu fulani alipokuwa amekaa chini yake. Sayansi inajibu sehemu: malaria ya mara kwa mara huchosha kinga na kuzichochea seli zenye kirusi, kisha katika seli moja kromosomu hukatika na kuungana vibaya. Lakini kwa nini seli ile, ya mtoto yule? Hapo jibu linakoma. Nafasi hiyo tupu ndiyo mganga wa ramli huijaza kwa jina la jirani, na mhubiri mwenye haraka huijaza kwa dhambi ya wazazi. Nashikilia kwamba wote wawili wanafanya kosa moja, na kwamba imani yenyewe inawakataza. Rafiki zake Ayubu walikuwa na maelezo kamili ya mateso yake, na mwisho wa kitabu ni wao waliokemewa. Katika Injili ya Yohana wanafunzi waliuliza nani aliyekosa hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu hakukubali swali lao. Qur'ani nayo inafundisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine.

Wapo watakaosema kwamba ninafuta wajibu wa mtu. Tumbaku na pombe kali huleta kansa ya kinywa, na mwenendo wa kitandani una madhara. Aibu, watasema, ni ukuta unaomlinda kijana. Nakubali sehemu ya kwanza bila shaka. Kumwonya kijana kabla ni tendo la upendo, na dini zina haki ya kuonya. Ila onyo hutazama mbele, na hukumu hutazama nyuma, kwa mtu ambaye tayari ameugua. Kuhusu aibu kuwa ukuta, Kagera ina ushahidi wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda, na wengine wakauona kuwa uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa. Miaka ya kunyoosheana vidole haikukizuia kirusi. Iliwafanya watu wafiche. Hoja hiyohiyo ilirudi dhidi ya chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na ambayo mwaka 2024 ilitolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14: eti itawafungulia mlango wa zinaa. Tafiti za nchi mbalimbali hazikuona waliochanjwa wakianza mapenzi mapema kuliko wenzao.

Na kuna suala la muda, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na bado ni miongoni mwa kansa zinazosikia dawa vizuri mtoto akiwahishwa. Wiki tatu za kuulizana nani karoga au nani katenda dhambi zinakula uhai wenyewe. Hospitali ya Nyakahanga wilayani Karagwe ni ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), na Bugando ya Mwanza, inakotibiwa kansa, ni ya Kanisa Katoliki. Kwa hiyo makanisa haya hayawezi kufundisha jambo moja wodini na jingine mimbarani. Kutoka Kayanga, mji wa Karagwe, hadi Mwanza ni safari ndefu na ya gharama. Sadaka ya Jumapili au mchango wa baada ya sala ya Ijumaa unaweza kulipa nauli ya mama na mtoto wiki ileile taya lilipoanza kuvimba, kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za baba yake.