Deni la Kitabu Hulipwa kwa Kitabu

Ndugu msomaji, sikiliza kwanza mfano mdogo wa kijijini. Mtu mmoja aliazima jembe kwa jirani yake, akasema: «Nitalirudisha kesho kutwa.» Siku 10 zikapita. Jirani alingoja, mvua ikanyesha, shamba lake halikulimwa. Siku ya 11 yule mtu akaja na jembe begani. Je, anastahili nini? Wengine watasema: «Alipe, kusudi akumbuke siku nyingine.» Wengine watasema: «Amelirudisha, yatosha.» Lakini yuko mzee mmoja katika baraza anayeuliza: «Franka atakazolipa, zitalilima shamba lililokosa jembe?»

Neno hili linaonekana dogo. Walakini miji mikubwa imebishana juu yake miaka mingi, si kwa ajili ya majembe, bali kwa ajili ya vitabu. Tutazame mji mmoja, ndio Chicago, katika inchi ya Marekani.

Nyumba ya watu wote

Mwaka 1871 moto mkali uliteketeza sehemu kubwa ya mji ule. Watu wa Uingereza walipopata habari, walikusanya vitabu zaidi ya 8,000 wakawapelekea wenyeji wa Chicago, maana walidhani moto umeunguza maktaba yao ya bure. Kumbe, mji ulikuwa haujapata bado maktaba ya namna hiyo! Zawadi ilifika kabla ya nyumba. Basi ilibidi kutafuta nyumba. Tarehe 1 Januari 1873 maktaba ilifunguliwa ndani ya tangi kubwa la chuma lililokuwa limewekwa kwa kutunza maji. Ndio mwanzo wa maktaba ya watu wote ya Chicago: zawadi ya watu wa mbali kwa watu wasiowajua.

Siku hizi maktaba ile ina nyumba zipatazo 80 katika mitaa ya mji. Wala hazitunzi vitabu tu. Watoto wasiojua kusoma bado huletwa na mama zao kusikiliza hadithi na kuimba. Wanafunzi husaidiwa kazi walizopewa na mwalimu. Mtu anayetafuta kazi hupata kompyuta ya kuandikia barua yake. Mzee hukaa karibu na dirisha na kusoma gazeti, na hakuna anayemwuliza: «Umeleta nini?» Katika mji wa leo ni pahali pachache panapompokea mtu bila kumwuliza fedha. Dukani asiyenunua hutazamwa vibaya. Hapa asiye na kitu ni mwenyeji kama tajiri.

Lakini hata nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja iliyouliza fedha. Mtu akichelewa kurudisha kitabu, alitozwa faini, ndiyo malipo ya kosa, kwa kila siku aliyochelewa. Deni likifika dola 10, hakuweza tena kuazima kitu. Sheria hiyo ilionekana nzuri. Nani atasema kwamba ni haki kukaa na mali ya wengine?

Mlango uliofungwa

Baadaye wakubwa wa maktaba walihesabu watu waliofungiwa kuazima. Katika sehemu ya kusini ya mji, penye mitaa mingi ya maskini, alikuwa mtu 1 katika kila 3 wenye kadi ya maktaba. Katika sehemu ya kaskazini, alikuwa 1 katika kila 6. Na katika wote waliofungiwa, 1 katika kila 5 alikuwa mtoto asiyetimiza miaka 14.

Tufikiri vizuri juu ya hesabu hiyo. Je, watu wa kusini ni wavivu mara mbili kuliko wa kaskazini? Hapana. Tajiri akichelewa, hutoa fedha mfukoni, huomba radhi kwa kicheko, na jioni ile ile huondoka na vitabu vingine. Mama maskini mwenye watoto 4, anayerudi kazini usiku, akichelewa, hujiuliza: «Nilipe maktaba ao ninunue chakula?» Bila shaka atanunua chakula. Tena kesho yake atawaambia watoto: «Msiazime vitabu tena, mtaniletea deni.» Sheria ni moja, dola ni zile zile, lakini mmoja amechomwa mwiba na mwingine amevunjwa mguu. Adhabu iliyo sawa katika maandiko si lazima iwe sawa migongoni mwa watu.

Na mtoto yule amefanya kosa gani? Pengine kitabu kilikuwa kwa shangazi. Pengine hakuwa na mtu wa kumpeleka. Yeye hana mshahara, naye ndiye aliyefungiwa mlango.

Tarehe 1 Oktoba mwaka 2019 maktaba ya Chicago iliondoa faini za kuchelewa na kufuta madeni ya zamani. Nini kilitokea? Katika majuma 3 ya kwanza, vitabu vilivyorudishwa viliongezeka kwa 240 kwa mia, ndiyo kusema zaidi ya mara tatu. Watu walikuwa wamevificha vitabu nyumbani, si kwa sababu walivipenda mno, bali kwa sababu ya hofu na haya.

Maneno ya wanaopinga

Tusiwadharau wanaopinga, maana wana maneno ya kweli.

Wa kwanza husema: «Mimi nililipa faini yangu mwezi uliopita, na jirani yangu asiyelipa amesamehewa. Haki iko wapi?» Ni kweli, inauma. Lakini tumwulize: msamaha wa jirani umeondoa nini katika nyumba yako? Na kama tukisema kwamba sheria isibadilishwe kwa sababu wengine wamekwisha kuumizwa nayo, hakuna sheria mbaya itakayobadilishwa hata siku moja. Aliyetembea kwa miguu kabla ya daraja kujengwa asiombe daraja livunjwe.

Wa pili husema: «Mtoto asipotozwa, atajifunzaje kutimiza ahadi?» Hapa pana jambo la kushangaza. Mwaka 2000 wataalamu wawili waliandika habari za shule 10 za watoto wadogo katika mji wa Haifa, Israeli. Wazazi wengine walichelewa jioni kuwachukua watoto wao, na walimu walilazimika kungoja. Katika shule 6 wakaweka faini ya shekeli 10. Je, wazazi waliwahi? La, waliochelewa wakazidi, wakafika karibu mara mbili! Zamani mzazi aliona haya mbele ya mwalimu aliyechoka, sasa alijisemea: «Nimelipa.» Faini ilikuwa imegeuka kuwa bei. Na ilipoondolewa, haya haikurudi. Wazazi waliendelea kuchelewa kama wakati wa faini.

Basi tusidhani kwamba fedha hufundisha uaminifu siku zote. Mara nyingine hufundisha kununua ruhusa. Mtoto anayerudisha kitabu kwa kuogopa senti amejifunza kuogopa senti. Mtoto anayerudisha kwa sababu ameambiwa, «Yuko mwenzako anayekingoja,» amejifunza kuwa yuko mwenzake.

Wa tatu husema: «Mtu mwovu atakaa na kitabu milele.» Kweli, waovu wapo. Ndiyo sababu Chicago haikufuta deni lote. Asiyerudisha kitabu kabisa, ao aliyekipoteza, hudaiwa bado bei yake. Kilichofutwa ni malipo ya kuchelewa, si wajibu wa kurudisha. Tusichanganye mambo haya mawili.

Deni ni la nani?

Hapa tumefika kwenye kiini cha neno lenyewe. Kitabu cha maktaba si cha mkubwa wa maktaba. Mwenye deni hadaiwi na yule anayekaa mezani penye kadi. Anadaiwa na mtu asiyemjua: mwanafunzi aliyekuja jana akaambiwa, «Kitabu hicho hakipo.» Faini ikilipwa, mwanafunzi huyo hapati kitu. Fedha zimeingia sanduku la mji, naye amerudi mikono mitupu. Anachotaka ni kitabu. Kwa hiyo sheria inayomtisha mkopaji hata akakificha kitabu, inamwumiza yule yule iliyotaka kumlinda.

Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Aliyeazima kwa furaha hurudisha kwa huzuni. Ndivyo tulivyo wanadamu. Mwenye hekima, akiijua tabia hiyo, hataongeza matanga juu ya matanga. Atatengeneza njia ya kurudi.

Mji mwingine wa Marekani, San Francisco, ulitangaza mwanzoni mwa mwaka 2017 kipindi cha msamaha wa majuma 6. Katika vitabu vilivyorudi, kimoja kilikuwa kimeazimwa mwaka 1917! Mwanamke aliyekiazima alifariki kabla ya siku ya kukirudisha. Mjukuu wa mtoto wake alikiona mwaka 1996 ndani ya sanduku la zamani, akakaa nacho miaka mingine zaidi ya 20, hata msamaha ulipotangazwa. Jina la kitabu hicho linachekesha: ni «Kuchelewa Dakika Arobaini». Kilichelewa miaka 100. Faini ya miaka hiyo yote isingalikirudisha kamwe. Neno moja la wema lilikirudisha.

Turudi kijijini

Turudi sasa kwa yule mtu wa jembe. Tumwambie nini? Tusimwambie, «Si kitu,» maana si kweli: mvua imepita, na jirani amepata hasara. Tusimwambie pia, «Leta franka kadha, tumemaliza,» maana atakwenda zake akidhani mvua ina bei. Tumwambie: «Jembe lako limekutosha siku 10, na shamba la mwenzako limelala. Chukua jembe hilo hilo, twende shambani kwake.» Hilo ndilo deni lake hasa, na ndiyo njia ya kulilipa. Siku nyingine akiazima, atakumbuka shamba, hatakumbuka fedha.

Kusamehe si kusema kwamba deni halikuwako. Kusamehe ni kumwonyesha mwenye deni anadaiwa na nani, kisha kumwacha mlango wazi afike kwake.

Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kuwahukumu wengine, tazama rafuni pako, tazama chini ya kitanda. Hakuna kitabu cha mtu pale? Hakuna kikapu, ao nyundo, ao sufuria uliyoichukua kwa siku mbili tu? Usingoje kutafuta maneno mazuri ya kujitetea. Kirudishe leo. Huenda yuko mtu anayekingoja.