Kodi ya Shamba Lisilo na Udongo

Kulipa ni jambo linalojulikana na kila mtu, lakini kujua sababu ya kulipa ni elimu ambayo si watu wote waliojaliwa. Mnunuzi hulipa bei, mdaiwa hulipa deni, na raia hulipa kodi. Katika malipo haya matatu, kodi ndiyo inung'unikiwayo zaidi, kwa kuwa alipaye bei huondoka na kitu mkononi, na alipaye deni huondoka na jina safi, bali alipaye kodi huona ameondoka mikono mitupu. Insha hii yataka kupima swali moja juu ya kodi: je, ni haki kumtoza mtu kodi kwa kitu kisichoweza kushikwa wala kukanyagwa?

Swali hili si la mzaha. Tumfikirie kijana mmoja wa Navakholo, katika Kaunti ya Kakamega. Baba yake ana shamba la ekari mbili, lenye miwa upande mmoja na mahindi upande wa pili, na katika pembe ya shamba hilo amezikwa babu yake. Kijana mwenyewe ana shamba jingine. Hilo haliko Navakholo, wala haliko katika nchi yoyote. Limo katika dunia ya kubuni iendeshwayo kwa kompyuta na kufikiwa kwa intaneti. Huko amejenga nyumba, amepanda miti, na amepata majirani ambao hajapata kuziona nyuso zao. Kila mwezi hulipa ada ya uanachama na ada ya kiwanja, jumla shilingi 1,000. Siku moja akaona ada hiyo imekuwa shilingi 1,160. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba zile shilingi 160 ni kodi ya serikali. Ndipo alipohamaki akasema, "Serikali imenifanyia nini huko? Haikunipimia kiwanja, haikunichimbia barabara, wala haina askari wa kunilindia mlango. Yatakaje fungu katika shamba ambalo hata ikitaka kulikanyaga haiwezi?"

Kijana huyu tumembuni, lakini dunia anayoizungumza ipo. Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, ilifungua dunia ya namna hiyo iitwayo Second Life, ambamo watu hujipatia viwanja na kuvilipia ada kila mwezi. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilianza kuwatoza wateja wake wa Umoja wa Ulaya kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka 2022 ikaanza kutoza wateja wa Marekani kodi ya mauzo juu ya uanachama na ada za viwanja. Mlango wa kodi hii ya pili ulikuwa umefunguliwa mwaka 2018, wakati Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, katika kesi baina ya jimbo la South Dakota na kampuni ya Wayfair, kwamba jimbo laweza kumtaka muuzaji akusanye kodi ijapokuwa hana duka wala ghala ndani ya mipaka yake.

Kenya nayo haikubaki nyuma. Kodi ya mauzo iliwekwa hapa mwaka 1973, na mwaka 1990 nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi huiita VAT, na ambayo kiwango chake cha kawaida leo ni 16%. Kanuni za mwaka 2020 ziliwataka wauzaji walio ng'ambo, wenye kuuza muziki, filamu, michezo na mengineyo kwa njia ya mtandao, waikusanye kodi hiyo kwa wanunuzi walio Kenya. Ili kujua kama mnunuzi yuko Kenya, sheria hutazama alama kama benki iliyotoa kadi yake, anwani yake, na nchi ya laini yake ya simu.

Sasa na tumrudie kijana wetu, tuyapime maneno yake kwa insafu. Hoja yake ina nguvu, na si vema kuipuuza kwa sababu ya umri wake. Asema kwamba kodi ni malipo ya huduma, na kwamba mahali pasipo na huduma hapana kodi. Lakini hoja hii ina tundu. Yamkini shamba lake halina udongo, walakini yeye mwenyewe anao. Miguu yake iko Navakholo. Anapoketi usiku kulima shamba lake la kubuni, umeme uwashao simu yake umepita juu ya nguzo zilizosimamishwa katika ardhi ya kweli. Akiumwa na tumbo, hatibiwi katika dunia ya kubuni. Hupelekwa katika zahanati. Kusoma kwenyewe, ambako kumemwezesha kuyaelewa maandishi ya dunia ile, alikupata kwa mwalimu aliyelipwa mshahara kwa fedha za umma. Kwa hiyo sheria inapouliza mnunuzi yuko wapi, badala ya kuuliza shamba liko wapi, imeuliza swali lililo sawa. Kodi hii haikutozwa shamba. Imetozwa tendo la kununua, na mwenye kutenda ni mtu anayeishi kati ya watu.

Tena, si jambo geni kulipia kitu kisichoshikika. Atazamaye mpira wa miguu uwanjani hulipa kiingilio, na mchezo ukiisha hachukui goli nyumbani. Aliyenyolewa huacha nywele zake kwa kinyozi na kulipa juu yake. Burudani, maarifa na huduma ni vitu vya kweli, ijapokuwa havitiwi katika kikapu. Fedha zilizotoka katika mfuko wa kijana ni za kweli, na furaha aliyoipata ni ya kweli. Itakuwaje biashara hiyo iitwe ya kweli wakati wa kufurahi, na ya kubuni wakati wa kulipa kodi?

Kuna na mtu wa tatu katika shauri hili, naye ni mwenye duka. Tuseme yuko mfanyabiashara mjini Kakamega auzaye michezo ya kompyuta, na mauzo yake yamefikia kiasi cha kusajiliwa kwa VAT. Yeye hutoza kodi katika kila mchezo auuzao. Ikiwa muuzaji wa ng'ambo hatozi, bei yake itakuwa ndogo, si kwa sababu ya bidii yake bali kwa sababu ya umbali wake. Sheria imwadhibuye aliye karibu na kumtuza aliye mbali haifanani na haki. Mizani ya soko, ili iwe mizani, haina budi kumpima jirani na mgeni kwa jiwe moja.

Mpaka hapa huenda msomaji akadhani kwamba serikali imeshinda kesi. Haijashinda bado. Kuthibitisha kwamba kitu chaweza kutozwa kodi si kuthibitisha kwamba kodi yake ni ya haki. Kuna hatua moja iliyosalia, nayo yafundishwa na lugha yetu pamoja na historia yetu.

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa malipo ya namna mbili. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na raia huilipa serikali kodi. Palikuwa na wakati ambapo maana hizi mbili zilichanganywa kwa makusudi. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ya Himaya ya Afrika Mashariki iliweka kodi ya nyumba, na nchi hii ya magharibi, iliyohamishwa kutoka Uganda mwaka 1902, haikusalimika. Mwenyeji alitozwa kwa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kwa miti ya msitu wake, udongo wa kiwanja chake na nyasi za mbuga yake, kana kwamba alikuwa mpangaji katika nchi aliyozaliwa. Aliyekosa fedha alilazimika kuzitafuta, na wengi walizitafuta kwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mwezi wa Desemba 1921 watu wa Nyanza, mkoa ambao Kakamega ilikuwa ndani yake siku zile, walikutana Lundha, katika Gem, wakatoa malalamiko yao, na miongoni mwa malalamiko hayo ilikuwamo kodi.

Itazameni nyumba ile ya 1901, enyi vijana. Ilikuwa na udongo. Kuta zake ziligusika, na moshi wake ulionekana kutoka mbali. Hapana mtu aliyeweza kusema ilikuwa nyumba ya kubuni. Hata hivyo kodi yake ilikuwa dhuluma, kwa sababu aliyetozwa hakuulizwa, hakupimiwa kwa kadiri ya uwezo wake, wala hakuonyeshwa fedha zake zilikokwenda. Basi ikiwa udongo haukuitakasa kodi ile, ukosefu wa udongo hauwezi kuichafua kodi hii. Haki ya kodi haikai katika kitu kitozwacho. Hukaa baina ya watu wawili, mtozaji na mtozwaji, na hujulikana kwa maswali matatu: Nani aliulizwa? Mzigo umemwelemea nani? Fedha zimekwenda wapi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatia maswali haya katika sheria. Ibara ya 201 yataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi washirikishwe, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ibara ya 210 yasema hapana kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Maneno haya ni mazuri, lakini maneno ya katiba ni kama jembe: halilimi likitundikwa ukutani. Mwaka 2024 Muswada wa Fedha uliletwa na pendekezo la kutoza mkate VAT ya 16%. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni, walakini hasira za watu juu ya muswada wenyewe hazikutulia. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha, vijana wakamiminika barabarani, na baadhi yao wakauawa. Siku ya pili yake Rais alikataa kuutia sahihi. Taifa lilijifunza kwa bei ya damu kwamba kumsikiliza mtu baada ya kuamua si kumsikiliza.

Swali la mzigo nalo lina mfano karibu na sisi. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kumtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 za Uganda kwa siku. Tajiri mwenye majumba na muuza ndizi wa kando ya njia walitoa kiasi kile kile, ingawa kwa mmoja zilikuwa kama vumbi na kwa mwingine zilikuwa sehemu ya chakula. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, pakawekwa ushuru wa 12% juu ya data za intaneti. Jambo hili latufundisha kwamba usawa wa hesabu na usawa wa haki si ndugu siku zote. Mchezo si mkate, na mtu anayeacha mchezo halali njaa. Kwa hiyo VAT juu ya shamba la kubuni ni nyepesi katika mizani ya dhamiri kuliko VAT juu ya unga. Lakini njia ipitishayo mchezo ndiyo ipitishayo kitabu. Mtawala akiziba njia kwa kodi nzito ili awapate wachezaji, atawakamata na wanafunzi pamoja nao.

Na swali la tatu, la fedha zilikokwenda, ndilo lenye kumhusu kijana wetu kuliko yote. Alikuwa na haki ya kunung'unika, ila alinung'unikia mahali pasipo pake. Aliuliza serikali imemfanyia nini katika dunia ya kubuni. Angaliuliza imemfanyia nini Navakholo kwa shilingi zile 160, swali lake lingalikuwa na meno. Je, zahanati ina dawa? Je, barabara yapitika wakati wa masika, miwa ifike kiwandani kabla haijakauka? Je, darasa alilosomea ndugu yake mdogo lina madawati? Anayelipa kodi bila ya kuuliza maswali haya ametoa fedha lakini hajatimiza uraia wake.

VAT ina siri moja ambayo yafaa vijana waijue mapema. Hujificha ndani ya bei. Mwanafunzi hujidhani kwamba yeye si mlipa kodi kwa kuwa hana mshahara, kumbe kila mara anunuapo muda wa maongezi, sabuni au mchezo, ametia sehemu yake katika hazina ya taifa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni chake pia. Asiyejua kwamba ametoa hawezi kudai hesabu. Na asiyedai hesabu humzoesha mtunza hazina kutoitoa. Kwa hiyo kijana akutanapo na mstari wa kodi katika risiti yake, asiukasirikie. Mstari huo umemwonyesha jambo ambalo wengi hufichwa. Umemwambia kiasi alichotoa, na kuanzia hapo aweza kuuliza.

Baba wa kijana yule, aliye na shamba lenye kaburi, hakupata kuliona shamba la mwanawe, wala halitaki. Lakini alipoisikia habari ya shilingi 160 alisema neno moja, kwamba kila mwezi mwanawe na aandike kiasi alichotozwa katika daftari, na siku ya mkutano wa wananchi juu ya bajeti waende pamoja, daftari likiwa mkononi. Kijana aliona haya kwanza, kisha akanunua daftari. Na katika ukurasa wa kwanza aliandika bei ya daftari lenyewe, pamoja na kodi yake.