Nauli ya Kirilo

Wanangu wa kamati ya shule, kaeni. Kifua hakiniruhusu tena kusema sana.

Nasikia mnapita kaya kwa kaya mkikusanya elfu tano tano za "mtu wa kufuatilia". Eti anawajua wakubwa wa TAMISEMI, na akipewa nauli na chochote kitu cha kupeleka Dodoma, madarasa mawili yatajengwa hapa kabla ya masika. Mmoja wenu ameniambia, "Babu, mkono mtupu haulambwi." Sheria ya rushwa ya 2007, mwanangu, humshika mtoaji pamoja na mpokeaji.

Sisi wa Mlima Meru huu tulishatuma mtu. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Watu wakachanga, na mwaka 1952 Mmeru mwenzetu Kirilo Japhet akafika New York, yeye na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi mwaka ule. Kwenye Baraza Kuu azimio la kututetea lilikosa theluthi mbili za kura. Lakini aliyechanga alijua nauli inampeleka nani, wapi, akaseme nini.

Hata Marekani wilaya za elimu hulipa mawakala wa kuzisemea Washington. Silipendi jambo hilo, maana shule maskini italipa kwa kipi? Ila sheria yao ya 1995 inamtaka wakala wa namna hiyo ajiandikishe, amtaje anayemsemea na aeleze malipo yake. Huyu wenu mnajua hata anaishi wapi?

Na mimi niliwahi kukaa mlipokaa. Tulikata mikaratusi ya shule, tukauza, tukampa mtu mwenye suti. Miezi miwili alipokea simu, kisha ikazimwa. Tulikuwa tumeshachimba msingi kwa furaha, mpaka leo mbuzi wanaulalia. Mikaratusi huota tena, hiyo haikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba fedha za madarasa zilipokuja kweli, shule yetu haikuwamo kwenye maombi. Hatukuwa tumeandika hata barua moja. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tumemlipa mtu wa kutusemea.

Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka: 6,000 za kufika shuleni, 4,000 za vitabu. Ni ndogo, imekuwa ndogo tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na kuipigia kelele ni haki yenu. Ila inahesabiwa kwa kichwa cha mtoto. Mtoto msiyemwandika hana ruzuku, hata mkimlipia nani nauli. Madarasa nayo yana njia yake: serikali ya kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, diwani, halmashauri pale Usa River. Njia hiyo inachosha, naijua. Bajeti huanza Julai, na anayekumbuka Juni amechelewa.

Binti, wewe mwenye mwandiko mzuri, fungua daftari. Andika watoto wangapi, madawati mangapi, na darasa la pili hukaa wapi mvua ikinyesha. Jumanne tutakwenda kwa mtendaji wa kata. Nami nitakuja, mradi mtembee polepole. Na zile elfu tano tano zirudisheni leo, mkianzia kwa yule mjane wa kule mtoni. Aliuza kuku wake.