AMANA YA LANGO
Waadhi kwa vijana na wazee wao, katika khabari ya mchezaji wa Ngazija

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyewagawia waja wake vipawa kwa hikima yake: huyu akampa ulimi, na huyu mkono wenye kazi, na huyu miguu yenye mbio, na kila mmoja akamwekea siku ya kuulizwa juu ya alichopewa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa amana si fedha peke yake iliyowekwa sandukuni kwa mtu mwaminifu. Amana ni kila jambo alilokabidhiwa mtu, na wengine wakalala usingizi kwa kumtegemea yeye. Mwadhini ana amana ya wakati. Nahodha ana amana ya roho za abiria. Mwenye duka ana amana ya mizani. Na baba ana amana ya watoto. Hata kijana aliyesimamishwa mbele ya lango la mpira, ijapokuwa lango lile ni la nyavu na mchezo ule ni mchezo, naye ana amana. Kwani wako wenziwe kumi walio mbele yake, na nyuma yao uko umma mzima unaomtazama. Na iko khabari moja ya mwaka 2022 ambayo mwenye akili akiizingatia ataona ndani yake mafundisho mengi.

Wangazija si wageni katika pwani hii. Wamechanganyika na watu wa Unguja na Mombasa kwa ndoa, kwa biashara na kwa elimu. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Unguja na bahari ya elimu katika zama zake, alizaliwa Itsandraa, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1861, na alifariki Unguja mwaka 1925. Visiwa vyenyewe ni vine: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore. Vitatu vilijitawala mwaka 1975, na Maore ikabaki mikononi mwa Wafaransa. Watu wa visiwa vile vitatu hawatimii milioni moja. Kwa uchache wa kazi nyumbani, wengi walivuka bahari kwenda Ufaransa, khasa mji wa Marseille, wakazaa huko na kulea huko.

Basi mmoja katika watoto wa uhamishoni ni Chaker Alhadhur, aliyezaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1991. Alijifunza mpira katika klabu ya mji ule mpaka ukawa ndiyo kazi yake ya kumpa riziki. Akachezea Nantes, na Caen, na Châteauroux, na Ajaccio ya kisiwa cha Corsica. Hakuwa katika wale ambao sura zao hubandikwa kutani. Alikuwa beki wa kushoto. Na kazi ya beki ni kama kazi ya msingi wa nyumba, hausifiwi na mtu siku zote nyumba isimamapo, bali hutajwa siku ukuta uanzapo kupasuka. Na ilipokuwa achague nchi ya kuichezea, alivaa fulana ya Komoro, nchi ya wazee wake, ambayo iliingia katika shirikisho la mpira la dunia mwaka 2005 tu, wala haikuwa na jina kubwa la kumwongezea.

Mnamo Machi 2021 timu ya visiwa ilitoka sare na Togo mjini Moroni, ikapata kwa mara ya kwanza kuingia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mashindano yenyewe yalichezwa Kameruni, Januari 2022. Walifungwa na Gaboni, wakafungwa na Moroko, na watu wakadhani khabari yao imekwisha. Kisha tarehe 18 Januari wakaifunga Ghana, nchi iliyokwisha kulitwaa kombe lile mara 4, kwa mabao 3 kwa 2; Ghana ikarudi kwao, na Komoro ikavuka mbele.

Lakini mwanadamu hupanga, na Mola ndiye mwenye kukadiria. Mchezo uliofuata ulikuwa wa tarehe 24 Januari, nao ni juu ya wenyeji, Kameruni, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, upokeao watu 60,000. Timu ilikuwa na magolikipa watatu. Salim Ben Boina alikuwa ameumia katika mchezo wa Ghana. Ali Ahamada na Moyadh Ousseni walipimwa wakaonekana wana maradhi ya korona. Siku yenyewe ya mchezo Ahamada alipimwa tena, akaonekana hana. Lakini sharti ya wakubwa wa mashindano ilikuwa akae kando siku 5, na siku hizo hazijatimia. Na kanuni ilisema kuwa timu yenye watu 11 itacheza, hata kama hapana golikipa katika hao 11.

Basi likamwangukia Chaker. Si mrefu wa kimo, wala hiyo haikuwa kazi iliyompa riziki. Alivaa fulana ya golikipa, na kwa kuwa haikuwa na namba yake, namba 3 ikabandikwa mgongoni kwa utepe. Akasimama langoni mbele ya watu wa nchi nyingine, katika nyumba yao, usiku ule ambao wao hawakutaka lolote ila ushindi. Na mtihani haukuishia hapo. Ilipotimu dakika ya 7, nahodha wao, Nadjim Abdou, akapewa kadi nyekundu, wakabaki watu 10.

Wengi walingoja kuona mabao kumi. Hayakuwa kumi. Kameruni ilifunga katika dakika ya 29, na tena katika dakika ya 70. Na katikati ya hayo beki yule alizuia mipira mizito kadhaa. Kisha katika dakika ya 81 Youssouf M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukaingia. Wakafungwa 2 kwa 1, wakatoka katika mashindano. Lakini hapana aliyewacheka, na waliowafunga wenyewe walitoka jasho.

Sasa, enyi ndugu, tazameni mafundisho.

La kwanza, ni kuitika wakati wa haja. Wanazuoni wamefundisha kuwa ziko fardhi ambazo wakizitenda baadhi ya watu, dhambi huwaondokea wote. Nao wakiziacha wote, wote hushikwa. Maiti akifa mahali penye watu mia, akaswaliwa na wachache, yatosha. Lakini akifa mahali asipokuwapo ajuaye ila mtu mmoja, fardhi humwelekea yule mmoja, wala hana njia ya kukimbia. Mpira si fardhi, wala asifikiri mtu kuwa unafananishwa na swala ya maiti. Ila mfano hufunza. Ni mara ngapi mwadhini huugua, na msikitini wamejaa watu, na kila mmoja humtazama mwenziwe mpaka wakati ukapita? Ni mara ngapi yatima huachiwa na baba yake, na ami zake watatu wakasemezana, "Hii si kazi yangu, ni kazi ya fulani"? Mtu wa namba 3 angeweza kusema, "Mimi ni beki." Na lau angesema hivyo angekuwa amesema kweli, lakini iko kweli ambayo mtu hujificha nyuma yake kama mwoga nyuma ya kiambaza.

La pili, ni kujua mpaka. Huenda msemaji akauliza: basi je, kila mtu na aishike kazi asiyoijua, na asiyesoma atoe fatwa, na asiye tabibu achanje watu? La, hasha. Yule beki hakukitafuta cheo kile. Hakumsukuma mwenye haki yake akakaa yeye. Wala hakudai kuwa yeye ni golikipa. Namba iliyobandikwa mgongoni ilikuwa shahidi kwa kila mwenye macho kuwa huyu ni mtu wa mahali pengine aliyesimama hapa kwa dharura. Na dharura ilipokwisha alirudi kwenye kazi yake. Tofauti ya mwenye kubeba mzigo wa mwenziwe na mwenye kunyang'anya kiti cha mwenziwe ni hiyo: wa kwanza huurejesha, na wa pili hukikalia mpaka kikaoza.

La tatu, ni kuwa mja huulizwa juu ya juhudi, wala haulizwi juu ya matokeo. Khabari hii haikwisha kwa ushindi. Kijana apendaye hadithi za mashujaa atataka mwisho mwingine. Lakini mwisho wake ni huo, na ndio ulio karibu na maisha ya watu. Mvuvi hutega kwa ustadi akarudi mtumbwi mtupu. Mwalimu hufundisha kwa ikhlasi na mwanafunzi akapotea. Aibu si kufungwa. Aibu ni kufungwa nawe umekunja mikono. Wala watu wa visiwa hawakukata tamaa kwa usiku ule, kwani walifuzu tena kuingia katika mashindano ya 2025 yaliyofanywa Moroko.

La nne ni zito kuliko yote, na msomaji na alisome kwa moyo ulio macho. Usiku ule ule, katika uwanja ule ule wa Olembe, palikuwa na lango la pili lenye amana. Nalo ni lango la kuingilia watu. Mchezo ulipokuwa karibu kuanza, watu walisongamana penye lango la kusini, wakaangushana, wakakanyagana. Wakafa watu 8, na wengine wengi wakajeruhiwa. Siku ya pili mkubwa wa shirikisho la mpira la Afrika, Patrice Motsepe, alieleza kuwa lango lililopasa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, kwa sababu isiyoelezeka.

Pimeni malango mawili haya. Lango la nyavu alisimama mtu asiyekuwa na ujuzi wa kazi ile, akailinda kwa nguvu zake zote. Na lau lingeingia mabao kumi, asingekufa mtu. Lango la watu lilikuwa na roho nyuma yake, wake kwa waume, na amana yake ikapotea. Ndiyo maana ikasemwa mwanzo kuwa amana haitazamwi kwa ukubwa wa sifa zake. Wa kwanza alitazamwa na dunia. Na mwenye ufunguo wa mlango huwa hatazamwi na mtu, ila Mwenyiezi Mungu humwona. Basi ewe ulinzaye ghala, ewe ushikaye usukani wa chombo kilichojaa abiria kupita kiasi, ewe uliyepewa funguo za msikiti usiku wa maulidi, usiseme, "Kazi yangu ni ndogo." Hapana kazi ndogo nyuma yake ikiwapo roho ya mtu.

Imebaki neno kwa vijana wapendao mpira na kwa wazee wao. Kuupa mwili nguvu si haramu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, na aliwapenda wenye kujifunza kulenga mishale. Lakini mchezo una mipaka yake: usimpite kijana wakati wa swala, usimfundishe matusi, usitiwe kamari, wala usimsahaulishe mama yake anayengoja chakula. Mzee asimpige mwanawe kwa sababu ya mpira tu; na amwulize kwanza, "Umeswali Alasiri?" Akiwa ameswali, na amwache aende. Na kijana ajuaye kuwa miguu yake ni kipawa asijitape nacho, kwani goti moja likivunjika, sifa huhamia kwa mwingine kabla ya jua kuchwa. Na kitakachosalia ni tabia aliyokuwa nayo miguu yake ilipokuwa mizima.

Mwenyiezi Mungu awajaalie wasomaji kuwa katika wenye kuitika waitwapo, wenye kurudisha walichokabidhiwa, na wenye kufungua milango iliyopasa kufunguliwa. Awarehemu Waislamu waliokufa, awape subira wote waliofiwa, na awaongoze vijana wa pwani na wa visiwa katika njia iliyonyoka. Amin, ya Rabbal Alamin.