Keti Ulipofika

Ndugu zangu, wiki hii nawaombeni tutafakari juu ya kula. Si kula kwa mfano, wala meza ya mbinguni tunayoiimba. Nasema ugali wa muhogo, maharage na lengalenga, na mtu aliyeketi karibu yako wakati unapokula.

Kenya, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kuna mji mdogo uitwao Makindu. Hapo Masingasinga, au Makalasinga kama wengine wanavyowaita, walijenga hekalu mwaka 1926. Anayepita njia hiyo, awe dereva wa lori au familia iliyoharibikiwa na gari usiku, anaruhusiwa kuingia. Anavua viatu, anafunika kichwa, ananawa, anapewa chapati, dengu, mboga na chai. Akichoka anapewa pa kulala. Hadaiwi pesa na haulizwi dini yake. Akipenda kuacha sadaka anaacha, na asipoacha hakuna anayemfuata mlangoni. Chakula hicho wenyewe wanakiita langar, na kazi ya kukiandaa, kukigawa na kuosha vyombo wanaiita seva, yaani utumishi usio na ujira.

Jiko hilo lina historia inayotuhusu sisi watu wa mpakani. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab, na karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na, pale Tsavo, kwa meno ya simba. Makindu ilikuwa mojawapo ya vituo vya reli hiyo. Inasimuliwa kwamba kabla hekalu halijajengwa, Masingasinga walikutana kusali chini ya mti, na wenzao wa kazi, Wahindu na Waislamu, wakajumuika nao. Walikuwa wageni katika nchi ya watu, mbali na mama zao, na walijua maana ya kufika mahali jioni bila mtu wa kukukaribisha.

Hapa Butihinda, Burundi, tuna kituo cha mpaka cha Kobero. Malori ya kutoka Dar es Salaam yanavuka Kabanga, upande wa Tanzania, yanaingia kwetu, yanasimama kusubiri karatasi. Madereva na matingo wao wanalala chini ya magari yao. Vijana wetu wanavuka kwenda Ngara kutafuta vibarua mashambani, wengine wanarudi mikono mitupu. Familia zilizokimbia nchi zimerudi kwa njia hii hii zikiwa na magodoro kichwani. Na si mbali na hapa, Gasorwe, ndugu zetu wa Kongo wanaishi kambini tangu mwaka 2002. Sisi pia ni watu wa barabarani. Nauliza, na nauliza kwa uchungu: mtu mwenye njaa akipita Butihinda leo, aingie wapi?

Najua jibu litakalonijia. Padre, sisi wenyewe hatushibi. Ni kweli. Katika Burundi zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wengi wa watoto hao wako vilimani kama hapa kwetu. Siwezi kuwahubiria ukarimu kana kwamba maghala yenu yamejaa. Lakini tazameni jinsi jiko la Masingasinga linavyoendeshwa. Yupo anayeleta gunia la unga, ndiyo. Yupo pia ambaye hana cha kuleta ila mikono yake, naye anamenya vitunguu, anasukuma chapati, anafagia. Wako wanaokaa mlangoni wakitunza viatu vya wageni, na kazi hiyo inahesabiwa kuwa heshima. Hakuna aliye maskini kiasi cha kukosa la kutoa. Na aliyegawa chakula, zamu yake ikiisha, anaketi chini na kugawiwa na mwingine.

Sisi jambo hilo tunalijua kwa jina la ikibiri. Mmoja akizidiwa na shamba, majirani wanakuja na majembe yao, kesho wanahamia kwa mwingine. Aliyekuja hakuitwa mfadhili, na aliyelimiwa hakuitwa maskini. Kwa nini ikibiri ikomee shambani, isifike jikoni?

Nadhani sababu mojawapo ni aibu. Wazee wetu walikunywa pamoja kutoka mtungi mmoja wa urwarwa, pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, na mambo makubwa yalipatanishwa hapo. Lakini kula, kwa wengi wetu, kulikuwa jambo la ndani ya rugo, uzio wa nyumbani. Mgeni mwenye adabu alisema ameshiba hata kama hakuonja kitu tangu jana. Hivyo furaha yetu imekaa hadharani na njaa yetu imefichwa nyuma ya uzio. Mama anawasha moto jioni ili majirani waone moshi, na juu ya mafiga kuna maji tu. Ninyi mnajua kwamba sitii chumvi.

Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kuianzisha dini ya Masingasinga, aliishi kati ya watu waliogawanywa kwa matabaka, ambako wa juu hakuweza kugusa chakula alichokishika wa chini. Masingasinga wanasimulia kwamba akiwa kijana baba yake alimpa rupia ishirini akafanye biashara ya faida, naye akazitumia zote kuwalisha watu aliowakuta na njaa. Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, ndiye aliyelisimamia jiko, na jina lake limeandikwa katika kitabu chao kitakatifu. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti: anayetaka kuonana naye aketi kwanza chini kwenye safu pamoja na wengine, ale. Wanasimulia kwamba hata Akbar, mfalme mkuu wa India, aliketi kwenye safu hiyo kama mtu yeyote. Unaketi ulipofika. Aliye kando yako ndiye aliyeingia nyuma yako, basi.

Hatukubaliani nao katika mambo mengi ya imani, nami sitaki kuyafunika. Lakini ninapoisoma barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11, naona Paulo akigombana na Kanisa kwa sababu ya safu hiyo hiyo. Matajiri walitangulia kufika, wakala na kulewa. Waliotoka kazini jioni wakakuta masufuria matupu. Paulo anawaambia kwamba huo si mlo wa Bwana. Maneno ya mageuzo tunayoyasikia kila misa yamo katikati ya karipio hilo, na mara nyingi tunaruka karipio tukabaki na ibada. Yakobo naye alilikemea kanisa lililompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae sakafuni.

Na sisi Warundi tunajua safu zinaweza kufanya nini. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia seminari ndogo ya Buta, kule Bururi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa, wakabaki pamoja, na arobaini wakauawa. Nimetafakari mara nyingi nguvu hiyo waliitoa wapi alfajiri ile. Ninaamini haikuzaliwa saa ile ile. Walikuwa wamekula kwenye meza moja, wakalala bweni moja, wakaosha sahani kwa zamu, siku baada ya siku, mpaka kujitenga kukawa kitu ambacho miili yao haikukijua. Ndiyo maana silichukulii jiko kuwa jambo dogo.

Mtakumbuka pia sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, manung'uniko yakazuka kati ya makundi mawili ndani ya Kanisa changa. Mitume wakataka wachaguliwe watu saba waliojaa Roho, wakawakabidhi kazi ya mezani. Wa kwanza kutajwa ni Stefano. Shahidi wa kwanza wa Kanisa alikuwa mgawaji wa chakula. Na Bwana mwenyewe, alipofufuka, Yohane anasema wanafunzi walimkuta ufukweni amewasha makaa, anachoma samaki, anawaita waje wale. Petro, aliyekuwa amemkana kando ya moto wa makaa, alilishwa kwanza. Maswali yalifuata baada ya chakula.

Basi nimezungumza na wazee wa jumuiya, na tumekubaliana tujaribu. Jumapili ijayo, baada ya misa, tutatandika mikeka uwanjani. Kutakuwa na maharage, ugali na lengalenga. Hakutakuwa na nyama, ili majirani zetu Waislamu wasilazimike kuuliza nani alichinja, na hakutakuwa na pombe. Vijana watakwenda Kobero kuwaita madereva walio kwenye foleni, matingo, wapagazi, na wale wanaobadilisha pesa. Hakutakuwa na daftari la kuandika majina wala mtu wa kupiga picha. Hakuna viti vya wakubwa, na mimi msiniwekee. Watoto wasitengwe wakale nyuma.

Kazi ya kwanza ni kuni na maji, nayo inaanza Jumamosi mchana baada ya kazi za jamii. Wanaume, safari hii kumenya muhogo na kuosha sufuria ni zamu yenu. Akina mama wamepika vya kutosha. Kila mtu aje na sahani yake, na mwenye mbili alete zote. Mwenye sufuria kubwa amwambie katekista kabla ya Ijumaa.