Mkwara Mezani, Mkwara Shambani

Katika mchezo wa karata uitwao poka, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla hawajaziona karata zao. Kila duru ikimalizika, wajibu huo humwendea jirani. Mgawaji, ambaye husema kabla yao, akiona wengine wamejitoa, aghalabu hupandisha dau ingawa mkononi hana kitu. Wale wawili wakiogopa hutupa karata, naye akazoa walichoweka. Wachezaji wenyewe huuita ujanja huo wizi. Je, ni wizi kweli?

Hukumu ya kamari dini imekwishaikata. Swali letu ni la hila peke yake. Bingwa wa bao wa Unguja hatachelewa kujibu. Kete 64 zina hesabu ijulikanayo na wote wawili, na anayeshinda hushinda kwa akili, si kwa kutishia nyau.

Lakini natwende Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kiangazi, Mto Katuma hunywea, viboko wakabanana kwa mamia katika madimbwi yaliyosalia. Dume hupanua kinywa, na mara nyingi mpinzani huondoka bila damu kumwagika. Tishio hapo huepusha vita. Hata hivyo, meno yale yapo; mgawaji wetu huonyesha meno asiyokuwa nayo. Kinachomwokoa na lawama ni kwamba waliokaa mezani wameridhia kudanganyana, na kwamba zamu ya kuweka dau la upofu itamfikia na yeye.

Sasa mtazame mkulima wa mahindi wa Mpanda. Hupanda asijue mvua wala bei. Hilo ndilo dau lake la upofu. Wakati wa mavuno huja mlanguzi, akadai kuwa soko limejaa na lori linaondoka jioni. Pengine soko halikujaa. Mkulima, mwenye deni la mbolea, huuza. Hila ni ile ile, ila hapa zamu haizunguki: msimu baada ya msimu dau la kwanza ni la mkulima, na mlanguzi hufika akiwa amekwishaziona karata zake. Wala mkulima hakuuchagua mchezo huo. Dhiki ndiyo iliyomkalisha.

Kwa hiyo wizi tuutafute katika meza isiyozunguka, kabla ya kuulaumu mkwara. Na anayetaka kuijua hila yake kama ni halali, ajiulize: je, kesho niko radhi kukaa katika kiti cha yule niliyemtisha leo?