Someni Hukumu Hadi Mwisho

Wanangu mawakili, hili nimelisema mara nyingi na sauti yangu imeanza kuchoka, lakini nitalisema tena, kwa sababu ninyi ndio mtakaobaki na mahakama hizi sisi tukiondoka.

Silaumu kompyuta zenu. Aliyewahi kusubiri masjala akiomba hukumu ya Mahakama ya Rufani isiyoripotiwa, akapewa fotokopi iliyofifia na kurasa zimepungua, hawezi kuilaumu tovuti ya TanzLII. Leo wakili wa Songea anapata bure, tena kwa simu, uamuzi ambao zamani ulikuwa mali ya ofisi chache za mjini zenye maktaba zao. Wenzenu wa Nairobi wanayo yao, Kenya Law. Hiyo ni haki iliyosogezwa karibu na watu, nami namshukuru Mungu kwamba nimeishi kuiona.

Kinachoninyima usingizi ni wepesi wenu wa kuridhika. Mnaandika maneno matatu, orodha inatokea, mnaona aya inayofanana na hoja yenu, mnainakili, kazi imekwisha. "Nimeshapata, mzee." Umepata nini, mwanangu? Umetafutiwa maneno tu. Kwa nini majaji waliamua hivyo, wadaawa waligombania nini, nani alishindwa na kwa kosa gani, hayo yamekaa ukurasa wa nne na wa kumi na moja, nawe hukufika huko.

Chukueni hukumu ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969. Karibu kila pingamizi la awali linalowasilishwa linaitaja. Humo Jaji Law anaeleza kwamba pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, kama vile mamlaka ya mahakama au ukomo wa muda. Naye Sir Charles Newbold, Rais wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wakati huo, anasikitika kwamba mapingamizi yasiyo na sifa hiyo yanaongeza gharama na kuchanganya masuala, na anataka mtindo huo ukome. Leo namwona kijana akisimama na hukumu hiyohiyo mkononi kutetea pingamizi ambalo haliwezi kuthibitika bila kuita mashahidi. Angeisoma, angeliondoa pingamizi lake kabla jaji hajaingia.

Tazameni na ile mnayoiita oksijeni. Kabla ya mwaka 2018, kutaja kifungu kisicho sahihi kuliweza kuua maombi ya mtu, hata kama haki ilikuwa upande wake. Sheria Na. 8 ya mwaka huo ikaingiza kanuni ya lengo kuu, ndiyo hiyo oksijeni, ili mahakama itazame haki yenyewe kuliko ufundi. Hukumu za kabla ya hapo hazikufutwa mtandaoni. Mnazikuta kwenye orodha moja na za juzi, na asiyetazama tarehe anazibeba hivyohivyo hadi mbele ya majaji.

Na hata ukitazama tarehe, kazi bado. Katika mwaka huohuo wa 2018 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi wa Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, ikakataa kasoro ya muundo wa Baraza la Kata itumike kubatilisha kilichoamuliwa. Ikatoa pia ule wa Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, ikasema oksijeni haiwezi kutumika kwa kufumba macho dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Aliyetafuta akakutana na wa kwanza, akaridhika, ameingia mahakamani na nusu ya sheria; wakili wa upande wa pili atakuja na nusu nyingine. Mpaka kati ya maamuzi hayo mawili hauonekani kwenye aya iliyonakiliwa. Unaonekana kwa kusoma mambo yaliyotokea katika kila shauri.

Sasa yameongezeka na haya ya programu zinazojibu kama binadamu. Mwaka 2023, huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao aliiuliza programu yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu ni za kweli, akatulia. Jaji Castel akawatoza faini ya dola 5,000. Msiwacheke. Walitulia pale mnapotulia ninyi: kwenye jibu la kwanza linalopendeza.

Mnaponiambia mmechoka, mashauri ni mengi, mkuu wa ofisi anataka hoja kesho asubuhi, nawaelewa. Ila yupo mama aliyeuza ng'ombe ili akulipe. Yeye hajui Mukisa wala Mondorosi. Rufaa yake ikitupwa utamwambia mahakama imekataa, naye atakuamini, ataondoka bila shamba lake.

Na kusoma hakuishii kwenye hukumu: tangu tarehe 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023, na namba za vifungu vingi zimehama. Nendeni mkapitie nyaraka mlizozihifadhi, kifungu kwa kifungu. Kisha zichapeni hukumu zile mbili za 2018, msome kila ukurasa, mniletee Jumamosi. Nitawauliza nani aliomba nini, na kwa nini mmoja aliokolewa na mwingine hakuokolewa.